Jinsi ya kulikamata lile neno ambalo hakuna aliyelisema

Mtu akikwambia "huyo mpe kazi, ni mtoto wa mwalimu," amekupa maneno mawili tu, hukumu na sababu yake, lakini we ushasikia matatu. La tatu ni kwamba watoto wa walimu wana adabu, ama wana akili, ama hawaibi, yategemea ni nani anayesikiliza. Hilo la tatu hakuna aliyelitamka, kwa hivo hakuna wa kulitetea wala wa kuulizwa, na ndo lililobeba mzigo wote. Ukilitoa, yanabaki maneno mawili yasiyojuana.

Hoja ya namna hii ina jina lake kwenye elimu ya mantiki, yaitwa enthimema, na kwa maoni yangu ni katika vitu vya manufaa sana ambavyo mtu aweza kujifunza bila kuingia darasani. Angalia ugomvi wa grupu za familia, za mtaa, za kamati ya harusi, waona watu wanarushiana sababu tangu asubuhi hadi usiku na hakuna anayesogea hata hatua, manake kile wanachobishania hasa hakiko kwenye meseji hata moja. Sasa nataka nikuonyeshe vile ya kukitoa nje kitu hicho, lakini nitaanza na jina lenyewe kwa sababu asili yake yakwambia pa kutafuta.

Jina limetoka wapi

Kwa Kiyunani cha kale "en" ni ndani, na "thymos" ni moyo, ile sehemu ya mtu inayowaza, inayotamani na inayochemka kwa hasira. Kutokana na hayo wakapata kitendo cha kuliweka jambo moyoni na kuligeuzageuza, yani kutafakari, na "enthymema" ikawa ni lile lililotafakariwa. Mwanafalsafa Aristotle (384–322 KK) akalichukua neno hili alipoandika kuhusu ufundi wa kuhutubu, akasema enthimema ndo mwili wenyewe wa kushawishi, na akawalaumu waliomtangulia kwamba wameandika sana jinsi ya kumtia hakimu huruma na hasira lakini hili la msingi hawakuligusa.

Mfano wake ni wa michezo. Ukitaka watu wajue kwamba Dorieus ameshinda mashindano ambayo zawadi yake ni taji, yatosha useme ameshinda Olimpia. Hakuna haja ya kuongeza kwamba Olimpia mshindi huvikwa taji kwa sababu kila mtu alijua, na msikizaji huliongeza mwenyewe. Hapo kwenye "mwenyewe" ndo pa kusimama kidogo. Pengo hulijaza wewe unayesikiliza, si msemaji, na kitu ulichokijaza kwa mkono wako huwezi kukishuku kwa urahisi, wakiona ni akili yako mwenyewe ilofikiri. Ndo maana hoja iliyokatwa yashawishi kuliko iliyosemwa yote kwa kirefu.

Siku hizi ukisoma maana ya enthimema wataandika ni hoja iliyokosa kipande. Aristotle mwenyewe hakuifunga hivyo, alisema tu vipande mara nyingi huwa vichache kwa kuwa vingine vyajulikana, na wanamantiki waliokuja nyuma ndo waliofanya kule kukosa kipande kuwa ndo maana yenyewe. Kwa kazi yetu ya leo maana hii ya pili yatosha kabisa.

Alafu kuna upande wa pili wa hadithi ambao sisi wa Pwani watuhusu zaidi, na mimi naupenda mno. Falsafa ya Aristotle ilipoingia kwenye Kiarabu, wanafalsafa wa Kiislamu walihitaji neno la kuiita enthimema. Al-Farabi, aliyefariki 950, aliiita "dhamir", na akaeleza sababu: aitumiaye huwa ameficha moja katika zile tangulizi zake, yani sababu zinazobeba hukumu, amelidhamiria ndani na hakulitoa. Ibn Rushd wa Qurtuba (1126–1198) akaendelea na jina hilo hilo. Na dhamir ni neno letu! Ndo iliyotupa dhamiri, ile sauti ya ndani ya mtu inayomsuta, na ndo iliyotupa dhamira, nia ambayo mtu anayo moyoni. Mtoto wa sekondari anapoulizwa kwenye karatasi ya fasihi "eleza dhamira ya mwandishi" anatakiwa aeleze lile ambalo mwandishi amelikusudia bila kulitangaza, yani bila kujua yuko kwenye kazi ile ile.

Waliosoma nahau madrasa, yani sarufi ya Kiarabu, nao wamekutana nalo kwa mlango mwengine. Dhamir kwenye nahau ni kiwakilishi, na kuna dhamir mustatir, kiwakilishi kilichojisitiri. Ustadhi akisema "uktub", andika, huyo "wewe" yuko wapi? Hayuko kwenye herufi yoyote, lakini hakuna mwanafunzi anayegeuka kuuliza ni nani aandike. Kiswahili nacho hivo hivo, "andika!" haina wewe ndani yake na sote twajua ni wewe.

Kwa hivo Kiyunani na Kiarabu vyote viwili vimetupeleka moyoni, lakini si moyo mmoja. Maelezo ya al-Farabi yakwambia angalia kile msemaji amekificha. Mfano wa Aristotle wakwambia angalia kile msikizaji amekiongeza. Anayetaka kukamata dhana iliyofichika lazima atafute pote pawili, na wengi wetu twatafuta kwa mwenzetu tu.

Sasa kuikamata

Anza na kutenganisha hukumu na sababu. Kwenye maandishi ni rahisi, lakini kwenye mazungumzo ya kawaida watu hutanguliza yoyote na huacha viungo. Sikiliza "manake", "kwa sababu", "ndo maana", "kwa hivo", na sana sana sikiliza "si" ya kwetu, ile ya "mpe tu, si ni jirani." Hiyo "si" ni herufi mbili lakini kazi yake ni kukwambia kwamba hili twalijua sote na halina mjadala, na penye halina mjadala ndo penye kitu. Mtu akitoa hukumu bila sababu usianze kumjazia, muulize kwa nini na umwache amalize.

Ukishapata vipande viwili, tafuta jambo ambalo liko kwenye hukumu na haliko kwenye sababu, alafu tafuta lililoko kwenye sababu na haliko kwenye hukumu. Kipande kilichokosekana ni kile kinachounganisha hayo mawili. "Huyu fundi ni wa kuaminika, amefanya kazi bandarini miaka mingi." Fundi yuko pande zote mbili, mwache. Kuaminika kuko kwenye hukumu tu, bandari iko kwenye sababu tu, basi sentensi iliyofichwa lazima iwe na kuaminika na bandari ndani yake: waliofanya kazi bandarini ni wa kuaminika. Iandike, kwa kalamu ama kwenye simu, usiiache kichwani manake ikiwa kichwani yaonekana ni ya kweli siku zote. Ukiiona imeandikwa utajikuta washaanza kumkumbuka fulani aliyefanya kazi bandarini na akala pesa za kikundi.

Alafu pima ukubwa wake, na hapa ndo watu wengi huharibu. Sentensi iliyofichwa haiji na kipimo, wewe ndo wakichagua, na ukitaka kushinda ubishi utachagua kile kikubwa na kibaya zaidi ili uwe na kitu cha kupiga. Chukua hii: "Biriani ya harusi usimpe huyo apike, ni mtu wa bara." Waweza kuijaza kwamba watu wa bara hawajui kupika biriani, na hiyo ni dharau na hata uongo, wapo wa bara wanaopika hapa Mombasa na watu hurudia sahani. Lakini waweza pia kuijaza kwamba aliyekulia bara huenda hajawahi kusimamia sufuria za watu mia tatu juu ya kuni, na hilo si dharau, ni wasiwasi, na dawa yake ni kumuuliza mpishi amepikia harusi ngapi. Ama yawezekana mama mwenye harusi anamaanisha kwamba wakwe watakuja na maneno wakisikia nani amepika, na hapo shida si mpishi wala si biriani, ni wakwe. Majazo matatu, na kila moja lataka jibu lake, na ukijibu la kwanza kwa mtu aliyekusudia la tatu mtaachana mmekasirikiana na sufuria bado haina mpishi.

Kanuni ninayoifuata mimi ni kuchukua jazo dogo kabisa linalotosha kuifikisha sababu kwenye hukumu, kisha ndo niulize. Kama latosha "wengi", usiweke "wote". Kama latosha "huenda", usiweke "lazima".

Baada ya hapo ipeleke sentensi hiyo mahali pengine uone kama yasimama. "Mpeni uenyekiti, amesoma ng'ambo." Iliyofichwa: aliyesoma ng'ambo ajua kuongoza. Haya, yule aliyesoma ng'ambo na hawezi kupanga hata zamu za kufagia ploti, naye tumpe? Kama msemaji asema huyo hapana, basi kuna kipande kingine zaidi, labda ana habari za huyu mtu ambazo hajazitoa, na huo ndo muda wa kuzitoa.

Nitakupa mfano mmoja mrefu kwa sababu ndo unaoonyesha vizuri zaidi ninachokisema, na kila mtu wa Mombasa aujua. Ni usiku wa mwezi ishirini na tisa Ramadhani, watu wako barazani, kahawa yazunguka, na habari zafika kwamba mwezi umeonekana Saudia. Mmoja asema basi kesho Idi. Mwengine asema kesho twafunga. Hakuna anayekataa kwamba mwezi umeonekana, ukweli walionao ni mmoja, sababu ni moja, na hukumu ni mbili zinazogongana. Watarudia ile sababu kwa sauti kubwa zaidi, "mwezi umeonekana!", kama kwamba mwenzake hakusikia. Amesikia. Kinachowatenganisha ni sentensi ambayo kila mmoja ameiweka moyoni: wa kwanza amechukulia kwamba ukionekana mahali pamoja umeonekana kwa Waislamu wote, wa pili amechukulia kwamba kila nchi ina matlai yake, yani pahali pake pa kuchomoza mwezi, na mwezi wake.

Tazama vile wanazuoni wanavyolijadili, hawarudii sababu, wanaingia moja kwa moja kwenye ile sentensi. Mtume ﷺ amesema fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona. "Fungeni", nyinyi, ni nyinyi gani? Ni umma wote kwa pamoja ama ni watu wa kila mji? Na anayeshikilia matlai atakuletea habari ya Kuraib aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba alitoka Sham ambako mwezi uliandama usiku wa Ijumaa, akafika Madina, na Ibn Abbas akamwambia sisi tumeuona usiku wa Jumamosi na tutaendelea kufunga mpaka tukamilishe thelathini ama tuuone. Mwenye rai ile ya kwanza naye ana majibu yake juu ya habari hiyo. Mimi simo kwenye kuhukumu, jambo hili lina wenyewe. Ninachotaka uone ni kwamba mjadala wao una faida kwa kuwa kilichofichwa kimeshatolewa mezani, na ule wa barazani hauna mwisho kwa kuwa hakijatolewa.

Zile zinazojificha ndani ya neno moja

Kuna dhana nyingine haziko kwenye pengo katikati ya sababu na hukumu, zimeingia ndani ya neno lenyewe. Hizi ni ndogo na ni hatari zaidi kwa sababu hata hoja hakuna, ni swali tu ama ombi.

Namna ya kuzitambua ilielezwa na mwanamantiki Mjerumani Gottlob Frege mwaka 1892. Alisema mtu akitamka kwamba Kepler alikufa katika dhiki, amechukulia kwamba kulikuwa na mtu anayeitwa Kepler, na ukitaka kumkanusha ukasema Kepler hakufa katika dhiki, bado Kepler yupo pale pale. Basi kipimo ni hicho, igeuze sentensi iwe ya kukanusha, kitakachobaki bila kutikisika ndo kilichochukuliwa. "Umeacha kuchelewa kazini?" Jibu ndio, ulikuwa wachelewa. Jibu la, bado wachelewa. Njia ya kutokea ni moja tu, kuikataa dhana yenyewe: mimi sijawahi kuchelewa.

Kiswahili kimejaa maneno ya kubeba mizigo hii na yafaa uyajue moja moja. "Bado hujaoa?" yachukulia kuoa ni jambo ambalo wakati wake ushafika na wewe umelisubirisha. "Hata Salimu amefaulu" yakwambia Salimu hakutarajiwa, na Salimu akisikia ataumia ingawa amesifiwa. "Mbona hukuja?" yachukulia kwamba ilikupasa kuja. "Kwani wewe nani?" haitaki jina lako, ishaamua kwamba huna cheo cha kusema ulichokisema. "Tena" yasema lilitokea kabla. Na "ungalisoma ungalifaulu" imemaliza kesi mara mbili kwa pigo moja, hukusoma na hukufaulu, na mzazi akimwambia mtoto hivo huku mtoto alisoma usiku kucha na akafeli, basi mtoto atakuwa na kilio ambacho hana pa kukiwekea.

Wezi wa simu walilijua hili kabla yetu. Ile meseji maarufu, "ile pesa tuma kwa hii namba," isome tena polepole uone jinsi ilivyo na kazi nzuri ya kishetani ndani yake. "Ile." Haisemi una deni, haisemi tulikubaliana, neno moja tu limechukulia kwamba kuna pesa ambayo mimi na wewe twaijua. Mwizi hajui chochote kukuhusu, hajui kama una mpangaji, karo ya mtoto, fundi anayesubiri. Wewe ndo wakumbuka ile yako na kuijaza, na ukishaijaza wamwona ni mtu unayemjua. Sasa mfundishe mamako na bibi yako kitu kimoja, meseji ikianza na "ile" wajiulize ile ipi na wampigie mwenyewe kwa namba yake ya zamani kabla ya kufungua M-Pesa.

Kuuliza bila kumvunjia mtu heshima

Kuikamata ni nusu ya kazi. Kuitoa mbele ya mwenyewe ni nusu ngumu, kwa sababu unamwambia mtu kitu ambacho hakukisema, na huenda yeye mwenyewe hakujua anacho.

Usianze na "wewe wadhani kwamba". Dhana kwa Kiswahili ni neno zito, latoka kwenye Kiarabu "dhann", na kila aliyesoma suratul Hujurat ajua kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, kwa hivo ukimwambia mtu ana dhana ni kama washamtuhumu. Anza na wewe mwenyewe. Kwa mkubwa wako: "Ami, niwie radhi, nataka nikufahamu vizuri, wasema hivi kwa kuwa waona waliotoka kule hawajazoea kazi hii, ama kuna jengine?" Hilo "ama kuna jengine" usilisahau hata siku moja, ndo mlango wake wa kutokea, na mara nyingi kitakachotoka mlangoni hapo ndo cha kweli. Kwa rika lako yatosha "hapo umeruka kitu ndugu yangu, hebu nirudishe." Kwa mtoto, mwache atafute mwenyewe, watoto wazipata haraka kuliko sisi.

Na usiulize mbele za watu kama jambo ni la aibu. Mtu aliyebanwa mbele ya baraza atalikubali jazo baya kabisa kuliko kuonekana hakujua anachokisema.

Kuna pahali pia si pa kuitoa kamwe. Aristotle alisema methali ni kipande cha enthimema, ama utangulizi ama hukumu, na sisi tunaoishi kwa methali twalijua hilo kwa damu. Bibi akisema "asiyesikia la mkuu" akanyamaza, hakuna haja ya mtu kuuliza ni nani asiyesikia, na yule asiyesikia ushamwona ameinamisha kichwa. Kanga nayo hivo, mtu ameenda Biashara Street akachagua jina katika majina mengi, akajifunga, akapita mbele ya mlango wa fulani. Jina lilichapishwa kwa maelfu ya wanawake, lakini fulani ajua ni lake. Ukimuuliza aliyevaa atakwambia ni nguo tu, na atakuwa amesema kweli. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mvita, wa zama za utawala wa Mazrui, aliwatungia watu wa mji wake mafumbo ambayo aliyehusika aliyafahamu bila kutajwa. Katika mambo haya kufichwa ndo adabu yenyewe, kwampa mwenye kosa nafasi ya kujirekebisha bila kudhalilika, na anayekuja na kalamu yake kutaka kila kitu kisemwe wazi atavunja kitu ambacho hawezi kukiunga. Mimi hutenganisha hivi: kama lililofichwa litaamua pesa, kazi, ndoa ama sifa ya mtu, litolewe. Kama limefichwa kumsitiri mtu, liachwe.

Zako mwenyewe

Hizi ndo ngumu zaidi manake wewe ndo mwenye kujaza na huoni mkono wako. Njia niionayo kuwa bora ni kujifanya waeleza kwa mtu asiyekuwa wa hapa kabisa. Mwambie mgeni mkutane saa mbili, akaja saa nane mchana, utagundua kwamba hujawahi kusema saa za Kiswahili zaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hakuna aliyewahi kukuuliza. Mwelekeze kwa "shuka Mwembe Tayari uvuke barabara" na utagundua umechukulia atoka upande unaotoka wewe.

Penye pesa ni pa kuwa makini zaidi, na huku kwetu naona watu waumia sana kwenye nyumba za kupanga. Ajenti akwambia "nyumba ina maji." Wewe wajaza: ya mfereji, kila siku, ya kupikia. Yeye amesema kweli tupu, maji yapo, ni ya kisima na yana chumvi, chai haipikiki na sabuni haitoi povu, na ya mfereji huja siku mbili kwa wiki kama yaja. Hakukudanganya hata neno. Kwa hivo kabla hujatoa dipoziti chukua kila sifa uliyoambiwa na uiandikie pembeni kile ulichokiongeza mwenyewe. Ina maji: matamu ama ya chumvi, siku ngapi, tangi la nani, nani alipa pampu? Stima ipo: token yangu peke yangu ama mita moja na jirani? Iko karibu na stegi: usiku pia magari yapo? Mtaa mtulivu: ajenti alikuja saa ngapi, na ukumbi wa harusi ulioko nyuma hupiga muziki mpaka saa ngapi? Muulize moja moja, tena muulize na mpangaji wa chini ukimkuta anaanika nguo, mwamkie kwanza, huyo ndo mwenye habari zote na hana haja ya kukuuzia.

Na kabla hujatuma meseji yoyote ya kupanga jambo na watu wengi, isome kama wewe ni yule ambaye hakuweko kwenye kikao. "Tukutane pale pale wakati ule ule, kila mtu aje na yake." Aliyekosa kikao hana pale, hana ule, hana yake. Ongeza mahali, ongeza saa na useme ni ya asubuhi ama ya jioni, sema ni shilingi ngapi na kwa nani, alafu ndo utume.